Boti Yenye Magurudumu Manne

Kama wiki iliyopita ulikuwa na shughuli zako, hukusoma gazeti hili, nikuweke sawa. Mimi ni yule kijana aliyetoka chuo kikuu na shahada moja, mashati mawili na imani kwamba watu wote ni wema wakielezwa vizuri. Niliajiriwa karani katika hospitali iliyo kando ya maji. Mwezi haujaisha, nikaandika ripoti ya kurasa kumi na moja kueleza kwamba boti yetu ya wagonjwa inavuja, na kwamba uongozi wenye utu hauwezi kuvumilia wagonjwa wakisafiri maji yakiwafika vifundoni.

Ripoti ilisomwa. Nilipigiwa makofi. Boti ikaondolewa majini siku hiyo hiyo.

Hakuna aliyekuwa ameandika ripoti ya kununua nyingine.

Ndivyo nilivyo. Nikitaka kumfuta mtu machozi, namtia kidole jichoni.

Sasa, ng'ambo ya mkondo, kilomita kumi na moja za maji yanayochemka miezi yote ya upepo, anaishi dada yangu. Ananipita miaka kumi na miwili na ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Hata leo akiniona ananishika kidevu na kukagua masikio.

Dada ni mjamzito. Uzazi wa kwanza ulimalizwa kwa kisu, nusura umtoe roho, na daktari alimwambia waziwazi: wa pili ni upasuaji, tena usisubiri uchungu ukomae. Zahanati ya ng'ambo haina chumba cha upasuaji. Feri husimama msimu huu. Siku yake ilikuwa imebaki wiki tatu.

Kwa hiyo Mkuu wa Stoo aliponiteua katibu wa kamati ya kuchagua boti mpya, nilikubali kabla hajafunga mdomo.

Leo naungama nilichokifanya ndani ya kamati ile. Ni mambo mawili. La kwanza lilikuwa uongo. La pili lilikuwa ukweli, na ndilo baya zaidi.

*

Tulikutana chumba cha mikutano, kile kinachotazamana na kamba za kuanikia mashuka. Tulikuwa wanne. Mwenyekiti alikuwa Mkuu wa Stoo mwenyewe, suti kamili na funguo zisizopungua thelathini kiunoni. Wa pili Mkaguzi wa ndani, mwembamba, hatembei bila rula. Wa tatu nahodha, mwanamke mwenye mabega ya kubeba mizigo na ulimi wa wembe, hospitali nzima humwita Mama Usukani. Wa nne mimi.

Mkuu akagawa karatasi.

"Mkuu," nikasema, "hii ni fomu ya kuchagua gari."

"Naam."

"Sisi tunachagua boti."

"Fomu ya boti haipo. Ukitaka fomu mpya, unajaza fomu ya kuombea fomu."

"Basi tujaze hiyo."

"Imekwisha. Niliagiza nyingine mwaka juzi."

Mkaguzi akagonga meza kwa rula. "Vipengele ishirini na viwili, alama mia. Mwenye nyingi anachukuliwa. Usituletee chuo hapa, Digrii."

Digrii ndilo jina langu kazini. Nimelizoea kama mtu anavyozoea kiatu kinachombana.

Mama Usukani alikuwa akisoma fomu yake taratibu, midomo ikicheza. "Cha tatu, idadi ya magurudumu. Cha nne, tairi la akiba. Jamani, mnanipeleka ng'ambo au gereji?"

"Mama, utaratibu ni utaratibu," akasema Mkuu.

"Na maji ni maji. Hayajui kusoma."

*

Boti ya kwanza ilikuja kwa barabara, juu ya trela, ikasimamishwa mbele ya wodi ya wanaume. Ilikuwa nyeupe, inang'aa hadi wagonjwa walitokeza madirishani na dripu zao kuitazama. Muuzaji wake alikuwa kijana aliyevaa tai nyekundu, mchangamfu, anayekushika bega kabla hamjajuana.

"Futi thelathini!" akasema Kijana wa Tai. "Viti vya ngozi. Friji ndogo. Spika sita."

"Spika za nini?" Mama Usukani akauliza. "Mgonjwa akilia asisikike?"

"Za burudani, mama yangu."

Mama Usukani akainama, akachungulia chini ya boti, akaigonga kwa kifundo cha kidole. "Tumbo bapa kama sinia."

"Ndiyo maana inakimbia!"

"Kwenye bwawa, ndiyo."

Boti ya pili ilikuja kwa maji. Tuliikuta imefungwa kwenye gati nyuma ya hospitali. Futi ishirini na nane, rangi ya kijivu, haina kinachong'aa hata kimoja. Aliyeiunda alikuwa ameileta mwenyewe, mtu mmoja anayesema kana kwamba maneno kaazima na anatakiwa kuyarudisha.

"Injini mbili," akasema Fundi. "Moja ikifa, nyingine inakurudisha."

Tukasubiri.

"Viti vina springi. Sakafu inamwaga maji yenyewe. Omo, mbele huku, imeinuka."

Tukasubiri tena.

"Ina kasoro. Ikisimama, inalewa."

"Inalewa?" Mkaguzi akashtuka, akataka kuandika.

"Tumbo limechongoka. Ikikimbia inapasua wimbi. Ikisimama inayumba. Huwezi kupata vyote."

Nilimpenda papo hapo. Sijawahi kuona muuzaji anayekutajia kasoro kabla hujauliza. Nikawaza: hivi ndivyo dunia itakavyokuwa siku moja.

Mama Usukani hakuwaza kuhusu dunia. Alikwenda kufulia, akarudi na beseni la maji, akaliweka miguuni pa Mkuu.

"Mkuu, yapige maji hayo kwa kiganja. Kwa nguvu."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya Mungu. Piga."

Mkuu akapiga. Maji yakamrukia Mkaguzi usoni, na kiganja cha Mkuu kikawa chekundu.

"Sasa tumbukiza kwa ubavu wa mkono, kama unakata mkate."

Mkono ukazama kimya, hata tone halikuruka.

"Kile kiganja ni boti nyeupe," akasema Mama Usukani. "Huu ubavu ni ya Fundi. Toka hapa hadi ng'ambo nimewahi kuhesabu mawimbi mia nane, kisha nikachoka. Haya, mama mjamzito apigwe makofi mia nane, au asipigwe?"

Niliandika kila neno, moyo ukinidunda kwa furaha. Hoja imekamilika, nikasema. Nani atapinga beseni?

Mkuu akajipangusa mkono. "Kipengele cha kupiga maji hakimo," akasema. "Tuendelee. Cha tatu, magurudumu."

*

Boti nyeupe ilikuwa juu ya trela. Trela lilikuwa na magurudumu manne, na la tano limefungwa nyuma. Ikapewa alama kumi za magurudumu na tano za tairi la akiba.

Boti ya Fundi ikapewa sifuri na sifuri.

Mkaguzi akajumlisha kwa rula yake, akasoma kwa sauti. Nyeupe sabini na nane. Kijivu sitini na sita.

Kijana wa Tai akanishika bega. "Pole, ndugu yangu. Ni ushindani."

Nilitazama mkondo. Mbali huko povu lilikuwa likiinuka na kuanguka. Nikamfikiria dada yangu kwenye kiti cha ngozi, spika sita zikimwimbia, boti bapa ikimtupa juu na kumpokea kwa kofi, juu na kofi, na mshono wake wa zamani.

Kisha macho yangu yakaangukia ubavuni mwa boti ya Fundi. Ili isigongane na gati, alikuwa ameitundikia matairi makuukuu ya gari kwa kamba. Mawili upande huu, mawili upande ule.

Hapa ndipo nilipotenda la kwanza.

"Mwenyekiti," nikasema, na sauti haikuwa yangu, "yale ni nini?"

"Matairi."

"Mangapi?"

Mkuu akahesabu kwa kidole. "Manne."

"Na lile pale omoni?"

"La tano."

"La tano huitwaje, Mwenyekiti, gari likiwa na manne tayari?"

Mama Usukani alinitazama kama mtu aliyeona kuku akifungua mlango kwa ufunguo.

"Aa, hapana!" Kijana wa Tai akaruka. "Hayo hayazunguki! Yameninginizwa tu!"

Mkaguzi akaipekua fomu mbele na nyuma. "Fomu inataka idadi. Haikuuliza kama yanazunguka."

"Lakini hayo si ya boti!"

"Yamefungwa kwenye boti," akasema Mkaguzi. "Ya kwako yamefungwa kwenye nini?"

"Kwenye trela."

"Trela nalo tunabaki nalo?"

"Trela? Trela ni la kampuni, naondoka nalo."

"Ukiondoka nalo, boti yako itakuwa na magurudumu mangapi?"

Kijana wa Tai akailegeza tai.

Mkaguzi akafuta kumi, akafuta tano, akahamishia upande wa pili. Kijivu themanini na moja. Nyeupe sitini na tatu.

Fundi alikuwa amesimama hapo muda wote. "Yale ni ya kuzuia kugonga," akaanza, maskini, kwa unyofu wake.

Mama Usukani akamkanyaga mguu.

*

Nilistahili kushangilia. Badala yake nilirudi mezani nikiwa mzito kama gunia lililonyeshewa.

Nilikuwa nimedanganya. Kwa nia njema, ndiyo, lakini ni nani asiyedanganya kwa nia njema? Nilisomea utawala wa umma. Tasnifu yangu ilihusu uwazi. Nikajiapia: katika vipengele vilivyobaki, vile visivyo na alama, sitatikisa ukweli hata kwa unywele.

"Cha kumi na nne," akasoma Mkuu. "Breki. Hiki ni cha lazima, kisipokuwepo chombo hakipiti."

Mama Usukani akaninong'oneza, "Andika ipo, nzuri. Twende zetu."

Kalamu ilikuwa mkononi. Ningeandika herufi chache tu, nikamaliza.

"Mwenyekiti," nikasema, "boti haina breki."

Mama Usukani akafumba macho.

"Haina breki?" Mkuu akaweka miwani chini. "Sasa inasimamaje?"

"Inazimwa injini, inasimama!" Mama Usukani akadakia. Akachomoa mfukoni kamba fupi nyekundu, ina kishikizo cha plastiki mwisho. "Hii naichomeka kando ya usukani, mwisho wa pili najifunga kiunoni. Nikitupwa majini, kamba inachomoka, injini zote mbili zinakufa, boti hainikimbii. Bila hii kuchomekwa hapo, haziwaki."

Macho ya Mkuu yakang'aa. "Kumbe ipo! Hiyo ndiyo breki."

"Si breki, Mkuu, ni..."

"Ukiivuta, inasimama?"

"Inasimama."

"Breki." Akamgeukia Mkaguzi. "Itajaribiwa kwenye safari ya majaribio. Alhamisi ijayo."

Ndipo simu yangu ikalia. Ilikuwa Jumatatu, saa nne na nusu asubuhi. Alikuwa dada.

"Mdogo wangu, usishtuke," akasema, na mimi nikashtuka. "Umeanza."

"Nini kimeanza?"

"Kwani nina nini kingine cha kuanza? Uchungu. Muuguzi wa hapa anasema zimebaki saa chache kabla haujawa mbaya. Mmeshapata boti?"

"Tumepata. Iko hapa gatini, nyuma ya hospitali."

"Mwanangu we! Nilijua tu." Akavuta pumzi ndefu, ya maumivu, akaificha kwa kukohoa. "Nipo gatini na shemeji yako. Fanyeni haraka kidogo, ee?"

Niliwageukia wenzangu, nikawaeleza. Nadhani nililia. Sioni haya kuandika hivyo.

"Pole sana," akasema Mkuu, na alimaanisha. "Lakini chombo ambacho hakijafaulu majaribio hakibebi mgonjwa. Kikipata ajali, nani anajibu?"

"Majaribio yenyewe ni umbali gani?" Mama Usukani akauliza, amekwisha simama.

Mkaguzi akapekua. "Si chini ya kilomita kumi. Katika njia ambayo chombo kitatumika. Kamati yote iwemo."

"Ng'ambo ni kilomita kumi na moja," akasema Mama Usukani. "Vaeni majaketi."

*

Mkuu alivaa jaketi la kujiokolea juu ya suti. Mkaguzi alikuwa na fomu ndani ya mfuko wa plastiki, rula kwapani. Mama Usukani akachomeka kamba nyekundu, na kwa haraka hakujifunga mwisho wa pili kiunoni. Fundi alibaki gatini, akatupungia mkono mara moja tu, kama aliyeambiwa mkono nao ni wa kuazima.

Ninyi mnaosoma, nisikilizeni: ile boti ilikuwa kitu kingine!

Tulipoingia kwenye mkondo wimbi la kwanza lilikuja kama ukuta wa nyumba. Nikashika kiti. Omo ikainuka, ikalipasua katikati, tukashuka upande wa pili, viti vikakaa chini kwa springi zake, puu, kama mtu mnene anayeketi kwenye sofa. Hakuna kofi. La pili hivyo hivyo. Maji yaliyoingia yakatoka yenyewe tezini, kwa nyuma.

"Umeona?" Mama Usukani akapiga kelele, nywele zote upepo umezichukua. "Umeona, Digrii? Ubavu wa mkono!"

"Cha saba!" Mkuu naye akapiga kelele. "Honi!"

Mama Usukani akabonyeza. Ikalia.

"Cha nane! Wipa!"

Mama Usukani akafuta kioo kwa mkono wa gauni.

"Ipo," akaandika Mkaguzi. Alikuwa amebadilika rangi. "Cha tisa... kiyoyozi..." Akainamia ukingo, akatapika, akainuka. "Kipo. Kikali."

Nilianza kuiona ng'ambo. Paa la zahanati, bati jekundu. Gati. Vitone vya watu. Kimoja kati ya vitone vile kilikuwa dada yangu. Zilibaki kama kilomita mbili. Kifua changu kilijaa hadi nikataka kumkumbatia Mkuu, suti na funguo zake.

"Cha kumi na nne!" Mkuu akasema. "Breki!"

"Tukifika gatini, Mkuu," akajibu Mama Usukani bila kugeuka. "Hapa maji mabaya."

"Nadhani fomu ina masharti yake." Mkuu akanitazama. "Katibu, kipengele kinasemaje?"

Mkaguzi alinipa mfuko wa plastiki. Yeye hakuwa tena na macho ya kusomea. Nikasoma kimoyomoyo. Nikasoma tena.

Hapa ndipo nilipotenda la pili.

Ningeweza kusema: kinasema gatini. Ningeweza kusema: karatasi imelowa, sioni. Mama Usukani alikuwa amenipa mgongo, mikono yote miwili kwenye usukani, ananiamini. Dada alikuwa mbele, kitone kwenye gati. Na mimi, kwa sababu ya matairi matano, nilikuwa nikijitafutia usafi.

"Ijaribiwe mara moja," nikasoma kwa sauti, "chombo kikiwa katika mwendo kasi, na mjumbe asiye dereva, bila dereva kutaarifiwa."

"Unasoma nini huko nyuma?" Mama Usukani akauliza.

Mkuu akanyoosha mkono, akavuta kamba nyekundu.

*

Niliwahi kusikia kimya kizito, lakini hicho kilikuwa na uzito wa injini mbili.

Boti ikakaa chini ghafla. Sisi hatukukaa. Mkuu alikwenda mbele, Mkaguzi alikwenda juu ya Mkuu, mimi nilikwenda juu ya Mkaguzi. Wimbi letu wenyewe lililokuwa likitufuata nyuma likatufikia, likapanda tezini, likatuosha wote pamoja.

Tulipofumbua macho, Mkuu alikuwa ameinua mkono juu kwa ushindi. Mkono ulikuwa mtupu.

"Imesimama!" akasema. "Breki nzuri sana!"

"Kamba iko wapi?" Mama Usukani akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Tuliiona. Ilielea hatua kumi kutoka kwetu, nyekundu, ndogo, kishikizo chake cha plastiki kikimeta. Wimbi likaja, likaimeza.

"Ya akiba," akasema Mama Usukani. "Fundi alileta mbili. Ya pili iko wapi?"

Mkuu akajinyoosha tai. "Stoo."

"Stoo gani?"

"Stoo ya hospitali. Vipuri vyote hukaa stoo. Nimeifungia mwenyewe." Akagusa funguo zake. "Ufunguo ninao hapa, usiwe na wasiwasi."

Sitaandika alichojibu Mama Usukani. Gazeti hili linaingia majumbani mwa watu.

Boti ilikuwa imeanza kulewa. Fundi alisema kweli, hakutuficha. Iligeuka ubavu kwa mawimbi, ikilala kulia hadi maji yanatuchungulia, ikirudi, ikilala kushoto. Mkaguzi alikumbatia rula yake na kuita jina la mamake.

"Mnisikilize," akasema Mama Usukani, amepiga magoti kando ya usukani. "Pale kamba inapochomekwa pana kitufe. Nikikizungushia kitu chembamba, kigumu, kikashika, zinaweza kuwaka. Nani ana kiatu cha kamba?"

Mimi nilivaa ndala. Viatu vya Mkuu vilikuwa vya kutumbukiza. Tukamtazama Mkaguzi.

"Hivi ni viatu vyangu vya kazi," akasema, akapakata miguu.

"Mkaguzi," nikasema, "tafadhali. Dada yangu yupo pale gatini na uchungu."

Sijui ni sauti yangu au wimbi lililofuata. Alivua. Mama Usukani akaifungua kamba kwa meno, akaizungushia kitufe mara tatu, akakaza, akageuza ufunguo.

Injini ya kulia ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikazima.

"Imelowa kamba, inateleza. Tena."

Ikakohoa.

Simu yangu ikalia mfukoni, ndani ya mfuko wa plastiki nilioufunga mara mbili. Nilitamani isiwe yeye. Alikuwa yeye.

"Mdogo wangu, tunawaona," akasema. Nyuma yake upepo ulikuwa ukivuma mno. "Mlikuwa mnakuja vizuri, mara mkasimama. Mbona mnayumba hivyo? Mmeharibikiwa?"

"Kidogo tu, dada. Tunatengeneza. Wewe kaa ulipo. Lala chini kabisa, pumua."

"Mtengeneze nini, hapo ni pabaya hapo! Mtapinduka!" Nikasikia anauma meno, anahesabu pumzi. Kisha sauti yake ikarudi, ile ya miaka yote, ile anayoitumia akinishika kidevu. "Sikiliza, usiogope. Nimemwambia shemeji yako tusikae tu kuangalia. Kulikuwa na kiboti cha makasia hapa cha mbeba magunia. Tunakuja kuwachukua."

"Nani anakuja?"

"Sisi. Tumeshatoka."

"Dada! Shemeji ni mwalimu wa hesabu!"

"Anajitahidi. Anapiga huku, mimi napiga huku."

"Wewe unapiga kasia?"

"Nikipiga yanapungua kidogo," akasema, akihema. "Nyie shikaneni tu."

Simu ikakatika.

Nikasimama, nikashika ukingo wa kioo. Mama Usukani akasimama pia, kamba ya kiatu mkononi, akatazama nilikokuwa natazama.

Kutoka kwenye gati lenye bati jekundu nyuma yake, kitu kidogo cheusi kilikuwa kimejitenga. Kilikuwa na vichwa viwili. Kilipita maji tulivu ya ufukweni, kikaingia kwenye povu, kikapanda wimbi la kwanza hadi juu kabisa, na kwa umbali ule nikaona mtu mmoja ameinua kasia, ananipungia.

Kisha kikashuka upande wa pili, na nikaanza kuhesabu sekunde, nikisubiri kichomoze tena.

Nilipofika kumi na tano kilikuwa hakijatokea, na Mama Usukani alikuwa amekwisha vua jaketi lake, mguu mmoja ukingoni, tayari kuruka.